Daktari alishika sikio kabla ya shingo

Ilianzia kwenye kupamba kwa binti wa dada yangu. Wanaume hawapo, mabuibui yametundikwa, kila mtu na gauni lake. Mwanangu akanipiga picha ninacheka, akanionesha. Uso ni wangu. Chini ya kidevu, bata mzinga.

Nina miaka 58. Tangu kisukari kinishike nimeshuka kutoka kilo 96 hadi 71. Sukari imetulia, alhamdulillahi, ila ngozi ya shingo imebaki palepale, inaning'inia. Na sisi watu wa pwani shingo tunaisifu: ya upanga, ya pingili. Mimi hizo pingili nilikuwa nazo! Wenye maneno watauliza, wewe wavaa ushungi, shingo yako nani anaiona? Naiona mimi, kila nikioga.

Mwanangu wa pili yuko Dubai. Akasema, "Mamangu, njoo huku ukazwe shingo, nitakulipia." Nikamwambia angoje, nikapanda treni ya SGR kwenda Nairobi kumwona daktari wa upasuaji wa plastiki.

Nilidhani ataanza kubinyabinya shingo. Akaniomba nisogeze ushungi, akashika ndewe ya sikio la kulia. "Mama, hiki kimeota lini?"

Ni keloidi, kovu linaloota na kuvimba kupita kidonda chenyewe. Nilitoga tundu la pili nikiwa na miaka 20, pakaota kinyama. Nikaenda kukikata, kikarudi kikubwa kuliko kile cha mwanzo. Sasa ni kama punje ya haragwe, na hereni ndefu ndiyo inayokificha.

Akanichorea kwenye karatasi. Shingo haivutwi hivihivi. Mkato mmoja huwa chini ya kidevu, mingine huzunguka masikio na kuingia nyuma, kwenye nywele. Chini ya ngozi kuna msuli mwembamba kama kitambaa, platisma. Huo ndio hushonwa ukakazwa, mafuta yakafyonzwa, ngozi iliyozidi ikakatwa. Sasa fikirini: mimi ninayeota keloidi sikioni, nikatwe masikio yote mawili. Sisi weusi keloidi zinatuandama sana, na sikio ni mahali pake hasa. Nitatoa bata mzinga niweke maharagwe mawili?

Kisha akanipa maji, akasema meza, huku ananitazama koo. Rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, hupanda na kushuka mtu akimeza, mafuta hayafanyi hivyo. Kwangu hakikupanda kitu. Hata hivyo akaniandikia kipimo cha tezi, na hapo nilimpenda, kwa sababu wapo wanaoanza na bei.

Presha yangu ilisoma 158 juu. Akatikisa kichwa. Shida inayotokea zaidi mapema baada ya kukaza shingo ni damu kuvilia chini ya ngozi, mara nyingi ndani ya siku ya kwanza, na presha huichochea. Ikitokea, unarudishwa chumba cha upasuaji usiku huohuo. Akauliza ninachomeza. Nikataja vidonge vya presha, vya sukari, nikanyamaza. "Na vya nyumbani?" Ehe, kitunguu thaumu kila asubuhi, mafuta ya samaki, na junior aspirini aliyonipa shoga yangu. Yote hayo yanaweza kuongeza kutoka damu. Sigara sivuti, lakini mwenye kuvuta ajue nikotini hubana mishipa, na ngozi ya nyuma ya sikio inaweza kufa.

Nikauliza, na mahamri yangu? Napika ya oda, kilo 10 za unga siku za Idi. Kuinama na kukanda, wiki mbili tatu hapana. Hilo liliniuma kuliko ganzi ya sikio aliyonitajia, ambayo huweza kukaa miezi.

Habari ya Dubai nilimweleza mwisho. Hakuiponda. Alisema tu kwamba keloidi haioti wiki ya kwanza, huota baada ya miezi, na wakati huo daktari wangu atakuwa ng'ambo ya bahari na mimi niko Mombasa na sikio langu.

Basi hatukupanga tarehe. Kilo zikae palepale nusu mwaka, maana nikipungua tena ngozi italegea tena. Presha ishuke. Na tuone kwanza hii ndewe itaitikiaje sindano za steroidi, dawa ya kusinyaza keloidi. Ya kwanza nimeshachomwa. Inauma, msidanganywe.