Mstari umekaa juu ya nukta, halafu?

Kuna grafu moja inanisumbua tangu juzi. Modeli yangu ya tabaka la kichocheo upande wa kathodi wa seli ya haidrojeni, ile inayogeuza haidrojeni na oksijeni kuwa umeme, sasa inapita juu ya nukta za maabara bila kuyumba, kila aliyechungulia skrini yangu kasema hongera, na mi badala ya kufurahi nimebaki na wasiwasi tu.

Mdogo wangu huwa ananiambia "dada, magari ya haidrojeni si yapo, Toyota wanauza Mirai toka 2014, we unatafuta nini tena?" Natafuta namna ya kutumia platinamu kidogo bana, ile kitu ni ghali. Kwenye kathodi oksijeni inatakiwa ikutane na protoni na elektroni juu ya platinamu ndo maji yatoke, na mmenyuko huo ni mvivu kweli, upande wa haidrojeni mambo yanaenda haraka ila huku ndo volti nyingi zinapotelea, nadharia inakuahidi 1.23 ukianza kuvuta umeme wa maana unabaki na 0.6 au 0.7. Tabaka la kawaida ni chembe za platinamu za nanomita chache zimeshikizwa kwenye kaboni na kuchanganywa na aionoma, ile plastiki inayopitisha protoni, unene kama maikromita 10 hivi. Langu mimi ni lile la aina waliyobuni 3M, vijinywele vya peryleni nyekundu (ndiyo, ni rangi ya kawaida tu ya viwandani) vimesimama kama nywele za brashi, bilioni 3 hadi 5 kwenye sentimita moja ya mraba, vimevikwa platinamu, na tabaka zima halifiki hata maikromita 1. Kaboni ya kuliwa na kutu hakuna, aionoma hakuna.

Sasa bila aionoma protoni inapita wapi? Swali hili ndo lilinifanya niipende hii kazi. Inapita kwenye maji, lakini maji safi yana pH 7, protoni humo ni za kutafuta kwa tochi, kwa hiyo lazima kuna kitu kinaziita. Mwaka 2011 Karen Chan na Michael Eikerling walichora kijitundu kimoja kimejaa maji, ukuta wake platinamu, wakaonyesha kuwa chaji ya ukuta ndo inaamua, ikiwa hasi inazivuta protoni kutoka kwenye utando, ule unaotenganisha pande mbili za seli, ziingie ndani. Na chaji yenyewe inategemea uko mbali kiasi gani na ile volti ambayo platinamu haina chaji kabisa, namba ambayo platinamu ikishavaa oksaidi inakuwa ya kubishaniwa. Afu maji hayohayo yakizidi, hasa seli ikiwa bado baridi, tabaka linafurika maana ni jembamba halina pa kuyaweka, na oksijeni inakwama mlangoni.

Kwa hiyo nina vitu viwili vinavyoweza kukwama, na kero ni kwamba vyote vinaacha alama ileile kwenye grafu. Mteremko wa Tafel, yaani volti unazopoteza kila umeme ukiongezeka mara kumi, unakuwa mara mbili protoni zikichelewa, na unakuwa mara mbili vilevile oksijeni ikichelewa. Mstari mmoja hauwezi kuniambia ni nani, hata ukipita katikati ya kila nukta, na mwenye parameta za kutosha za kuzungusha atapata mstari mzuri tu, mi naona makala nyingi za fani yetu zinaishia hapohapo na kuita ushahidi.

Njia ipo, Perry, Newman na Cairns waliieleza 1998. Punguza oksijeni iwe nusu, volti usiiguse. Kama anayekwama ni oksijeni umeme unashuka nusu pia, kama ni protoni unafuata kipeuo cha pili, unabaki kama asilimia 71. Tofauti hiyo hata kipimo chenye kelele kitaiona.

Nimemwomba jamaa wa maabara anipimie, kasema foleni ya benchi ni ndefu mpaka wiki ijayo, na Ijumaa nina kikao na profesa. Basi nimezungusha parameta upande wa pili nikapata mstari mwingine, ule wa kwanza protoni ndo zinakwama, huu ni oksijeni, na wenyewe umekaa juu ya nukta vizuri vilevile. Nitaweka zote mbili kwenye slaidi moja, bila maelezo, nimsikie atachagua upi.