Meza ya Mbali na Bembea

Leo tumeshinda kwenye bustani ya msituni, mimi, mwenzangu na watoto. Miti ilikuwa mizuri, lakini nataka kuandika kuhusu meza.

Mhudumu alitaka kutukalisha ubavuni mwa uwanja wa michezo. "Hapa mtawaona vizuri, mama." Nikaomba ile ya mbali, chini ya mti mkubwa. Mtoto akijua mama yuko nyuma yake, hucheza huku akigeukageuka: mama, niangalie! Mama naye hanyamazi: shuka, utaanguka, acha hiyo ni chafu. Kutoka pale mbali niliwaona wote, ila kuwasemesha ningelazimika kupiga kelele, na mbele za watu naona haya. Basi nikanyamaza.

Walianza na bembea. Haikupita muda wakaziacha, wakaenda kwenye rundo la matawi makavu pembeni, wakawa wanayaburuta pamoja na watoto wasiowajua, wakibishania paa likae wapi. C. Th. Sørensen, msanifu wa bustani wa Denmark, alikwisha kuona kwamba watoto huvutwa na mabaki ya ujenzi kuliko viwanja wanavyotengenezewa. Mwaka 1943, nchi yake ikiwa imekaliwa na Wajerumani, uwanja wa kuchezea wenye mabaki ya namna hiyo ulifunguliwa Emdrup, Copenhagen, watoto wakajijengea wenyewe. Hapa nadhani ni matawi tu ambayo hayajazolewa. Naomba yasizolewe.

Chakula kilichelewa mno. Kwingine ningekuwa nimeshanuna, lakini kivuli cha mti si sawa na cha turubai. Turubai huzuia jua, kisha lenyewe likapata moto. Mti hunyonya maji ardhini na kuyatoa majani mwake yakiwa mvuke, na maji yanapogeuka mvuke hula joto la hewa. Saa saba mchana nilikuwa nimejifunika mtandio mabegani! Chakula chenyewe kilikuwa cha kawaida, tena kimepoa. Kwa ajili yake tu nisingerudi.

Mdogo alikuja kunywa maji, goti limechubuka. Nikamuuliza ameangukia wapi. "Kule," akaonyesha kwa kidevu, huyo akaondoka. Baba yake akainuka amfuate. Nikamvuta shati akakaa. Kule kwenye matawi paa lilikuwa limeporomoka tena, na kila mmoja anamlaumu mwenzake.