Jikoni kwa Jjajja, Masaka

Nianze na kilichoniuma. Katika safari yetu ya shule, pale Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda, kijana wa kubadilisha fedha alinihesabia noti huku natazama kabisa, lakini tulipofika Masaka nikakuta ni pungufu. Baadhi alizikunja katikati, zikahesabika mara mbili. Fedha ile mama aliidunduliza kwa kuuza dagaa Mwanza, na hadi leo nikiikumbuka roho inauma. Kwa hiyo stendi wenzangu walikula rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, mimi nikanywa chai kavu.

Usiku wa melini na Bukoba nauruka. Kabla ya mpaka tulisimama Kyaka, penye mto Kagera, mwalimu wetu wa historia akatueleza jinsi majeshi ya Idi Amin yalivyovamia mwaka 1978 na kulipua daraja. Tulimsikiliza kimya. Wengine walikuwa na babu zao waliokwenda vita ile.

Masaka tuligawiwa kwenye familia, wawili wawili. Mimi na mwenzangu, Mhaya, tulipelekwa kwa bibi mmoja. Kule bibi huitwa jjajja. Nilipoingia jikoni nikitafuta namna ya kumwamkia, akaniwahi kwa Kiswahili: "Kaa chini!" Sauti ilikuwa ya amri. Nikakaa upesi kwenye mkeka. Uso wake ulikuwa umejaa furaha, mkononi ananipa kisu na ndizi mbichi.

Kwetu mlo ni ugali, na ndizi ni tunda. Nilimenya ganda pamoja na nyama yake, utomvu ukanigandia vidoleni ukawa mweusi. Jjajja alikuwa anamenya bila kutazama, ganda linatoka jembamba. Kisha akachukua jani changa la mgomba lisilo na mchaniko, akalipitisha juu ya moto taratibu. Rangi yake ya kijani ikakolea na kung'aa, jani likalegea kama kitambaa. Akalitandika kwenye bakuli, akatia vipande vya kuku na mchuzi wa karanga, akakusanya ncha na kuzifunga kwa kamba ya mgomba. Hiyo ndiyo luwombo. Iliwekwa juu ya matoke yaliyofungwa kwenye majani yao, vyote vikaiva kwa mvuke, saa baada ya saa.

Katika kungoja, mwenzangu akamuuliza alikojifunza Kiswahili. Kihaya na Kiganda vinakaribiana, wakaelewana.

"Kwa askari wenu," akajibu. "Mwaka 1979."

Alikuwa msichana. Mizinga ilipoanza walikimbilia shambani, wakalala migombani. Waliporudi nyumba haikuwa na paa, na mjini majengo mengi yalikuwa chini. Baadaye askari waliopita pale wakawa wanaomba maji na chakula, na maneno yao ndiyo aliyobaki nayo: leta maji, njoo hapa, kaa chini. Aliyahesabu kwa vidole. Mwenzangu alikuwa anatafsiri huku sauti ikizidi kushuka. Mimi niliendelea kumenya ndizi. Kyaka tulikuwa tumeambiwa habari za daraja letu, na mwalimu hakusema uongo. Habari za paa la jjajja hazikuwamo kwenye madaftari yetu.

Chakula kilipofunguliwa, mvuke ulitoka na harufu ya jani na karanga. Matoke yalikuwa laini, ya njano. Sijawahi kula kuku mtamu kama yule. Tulipomaliza, mwenzangu akaninong'oneza cha kusema: "Weebale kufumba," ahsante kwa kupika. Jjajja akajibu, "Weebale kulya," ahsante kwa kula. Nikamkumbuka mama, anayesimama jikoni tangu alfajiri kila siku ya Mungu, nami huinuka nikanawa mikono nikaenda zangu.

Siku nne zilikwisha. Asubuhi ya kuondoka basi lilikuwa linapiga honi barabarani, nami nimeshabeba begi, nimefika mlangoni. Jjajja akatoka jikoni na sahani imefunikwa jani.

"Kaa chini!" akasema.

Nikaweka begi chini, nikakaa.