Alama Niliyoifuta Kibarazani Milwaukee

Julai 2014, katika wiki yangu ya tatu nchini Marekani, shangazi yangu aliniita kibarazani kwake Milwaukee akaweka mezani chupa ya soda ya mizizi ya Sprecher, bilauri mbili, kalamu na kipande cha karatasi. Alikuwa ameishi mji ule zaidi ya miaka ishirini, na kila mgeni aliyefikia kwake kutoka Tanga alitakiwa aionje soda ile na kuipa alama kati ya kumi. Nilipoona lebo imeandikwa root beer, niliurudisha mkono.

"Shangazi, hii si bia?"

"Soma kwanza, mwanangu. Ni jina tu hilo, kileo hamna."

Nilisoma, nikatulia. Huku akimimina taratibu, alinieleza kwamba kiwanda chenyewe, kilichoanzishwa mwaka 1985, hupika bia pia, na kwamba soda yake hupikwa katika masufuria makubwa juu ya moto wa gesi na kutiwa asali mbichi ya Wisconsin. Zamani ladha ya kinywaji hiki ilitokana na gome la mizizi ya sasafrasi, mti wa misitu ya mashariki mwa Marekani, na Charles Hires, mfamasia wa Philadelphia, ndiye aliyekitangaza katika maonesho makubwa ya mji huo mwaka 1876. Mwaka 1960 mafuta ya sasafrasi yalipigwa marufuku katika vyakula, baada ya safroli iliyomo kuonekana kuwasababishia panya wa maabara saratani ya ini, na tangu hapo watengenezaji wengi huisaka ladha ile kwa kuchanganya vionjo kama vanila, urukususu na mafuta ya jani moja la porini ambayo hutiwa pia katika dawa za kuchua.

Mafuta hayo ndiyo yaliyonikamata. Povu, lenye rangi ya chai ya maziwa, lilipanda mpaka ukingoni likakaa bila kuvunjika, nami nilipoinamisha pua nilimwona marehemu baba ameketi kitandani baada ya mechi ya Jumamosi, suruali imekunjwa hadi pajani, akilichua goti lake la kulia. Nilikunywa funda moja, koo likakataa. Niliandika 4.

Shangazi hakusema neno, akaingia ndani kukaanga samaki. Bilauri ilibaki juani kiasi cha robo saa, na nilipoirudia, baridi kali iliyokuwa imeufisha ulimi ilikuwa imepungua. Sasa ilitangulia asali, nzito na yenye ukali kidogo kama ya nyuki wadogo, ikafuata vanila, kisha urukususu ukabaki nyuma ya ulimi kwa muda mrefu. Harufu ya dawa ilikuwepo bado, lakini imekaa mahali pake, kama hiliki katika chai. Nilimaliza bilauri nzima. Alama mbili nilizinyima kwa haki: utamu ulizidi kooni, na mimi niliyezoea soda ya tangawizi nilikosa ule mwasho unaopanda puani.

Aliporudi na sahani, alikuta 4 imekatwa na pembeni yake pameandikwa 8. Aliitazama karatasi kwa muda, akaikunja, akaitia katika kopo la biskuti pamoja na nyingine.

"Kesho tutaitia aiskrimu," alisema, "ndipo utaniambia vizuri."