Siku moja maishani mwangu: tovuti ndogo ya Tanga na bando la msomaji

Saa 11 alfajiri

Kabla ya chai, seva, yaani kompyuta inayowapa wasomaji tovuti yangu. Alfajiri mtandao wa simu haujaelemewa, na kama kuna kilichoharibika usiku ni afadhali nikijue kabla ya wasomaji. Naingia kwa ssh (njia ya kuiendesha seva kwa mbali kwa kuandika amri) na kutazama vitu vitatu tu: `df -h` kuona diski imejaa kiasi gani, `free -m` kuona kumbukumbu iliyobaki, na `tail -n 200` ya logi (daftari la matukio) ya nginx, programu inayogawa kurasa, kuona nani kapita. Kwenye tovuti ndogo diski ikikaribia kujaa, mara nyingi picha hazina hatia. Mkosaji ni logi zilizoachwa zikue bila kukatwa, na dawa yake ni logrotate, programu ya kuzikata kwa zamu.

Wageni wengi wa usiku ni roboti, yaani programu zinazojiendesha. Anayeomba `/wp-login.php` (ukurasa wa kuingilia wa WordPress) kwenye tovuti isiyo na WordPress, au `/.env` (faili la siri za programu), hajakukusudia wewe. Anagonga kila anwani ya IP inayoitika, akipata 404, yaani jibu la "hakipo", anakwenda zake. Msiwe na hofu nao. Kinachotaka hadhari ni mlango wa ssh wenyewe. Tengeneza ufunguo (faili la siri la kuingilia badala ya nywila), kisha katika `sshd_config`, faili la mipangilio ya ssh, weka `PasswordAuthentication no` na `PermitRootLogin no`. Ukishaanzisha upya huduma hiyo, usifunge dirisha ulilo nalo. Fungua la pili ujaribu kuingia. Ukikosea herufi moja huku la kwanza limefungwa, umejifungia nje ya nyumba yako.

Saa 1 asubuhi

Umeme umekatika, rauta inaendelea. Vile viyupiesi (UPS, betri za akiba) vidogo vya rauta vinauzwa sana siku hizi, na wanunuzi wengi hulalamika kwamba wamepunjwa, kumbe hesabu ndiyo iliyopotoka. Boksi limeandikwa mAh 8,800. Rauta ya volti 12 inayokula ampea 0.5 ungedhani itakaa zaidi ya saa 17. Lakini hizo mAh ni za betri ya lithiamu ya ndani, yenye volti 3.7, si za volti 12 zinazotoka. Zidisha 8.8 kwa 3.7 upate takriban wati-saa 32. Rauta yako inakula wati 6. Ondoa asilimia 15 hivi inayopotea wakati wa kupandisha volti, unabaki na saa nne na nusu. Umeme ukikatika asubuhi, hiyo haifiki adhuhuri.

Ndiyo sababu moja ya tovuti kutokaa kwenye kompyuta ya nyumbani. Ya pili ni kwamba laini za simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP. Wewe unatoka, lakini wa nje hana njia ya kukufikia. Kwa hiyo seva ni ya kukodi, na yangu iko Ulaya.

Umbali huo una gharama. Ujumbe kutoka Tanga kwenda Ulaya na kurudi huchukua milisekunde 150 hadi 200. Simu ikishajua anwani ya seva, inahitaji safari moja ya kufungua muunganisho, moja ya kupatana siri (kwa TLS 1.3, toleo jipya la ufumbaji huo, ile ya 1.2 hutaka mbili), na moja ya kuomba ukurasa. Nusu sekunde imeondoka kabla herufi ya kwanza haijaonekana, na hakuna bando lenye kasi litakaloirudisha. Ila lipo la kufanya: seva hutuma kwanza pakiti (vipande vya data) 10 hivi, yaani kama kilobaiti 14, ndipo isubiri jibu. Ukurasa uliobanwa kwa gzip ukienea humo, unafika wote kwa mkupuo mmoja. Maandishi ya Kiswahili ya maneno 1,500 hayafikii hata kilobaiti 14 kabla ya kubanwa. Wanaoujaza ukurasa ni fonti za kupakua, vitufe vya kushirikisha na vihesabu-wageni vya kampuni za watu. Kwangu havimo.

Saa 3 asubuhi

Leo naandaa ukurasa wa magofu ya Tongoni (msikiti na makaburi ya kale yenye nguzo), kusini mwa mji, njia ya Pangani. Maandishi yako tayari tangu juzi, kazi ni picha.

Picha ya simu ya megapikseli 12 ina pikseli 4,000 kwa 3,000 na uzito wa megabaiti 3 hadi 5. Picha tano, megabaiti 20. Anayezilipia ni msomaji. Mimi nikipakia mara moja, yeye na wenzake wanapakua kila mmoja kwa bando lake. Kioo cha simu hakina nafasi ya pikseli zote hizo, hivyo nyingi anazozinunua hazioni. Upana wa 1,200 unatosha kabisa, na kwa muundo wa WebP picha moja inashuka hadi kilobaiti 100 au 200 kutegemea majani na mawe yaliyomo. Ukuta wa matumbawe wenye vishimo vishimo ni mzito kuliko anga tupu.

Amri ni `cwebp -q 75 -resize 1200 0 kaburi.jpg -o kaburi.webp`. cwebp ni programu ya kugeuza picha kuwa WebP, na sifuri hiyo maana yake urefu ujikadirie wenyewe. Sasa mtego: simu ikipigwa wima haigeuzi picha, inaandika tu pembeni kwamba "mimi nigeuzwe". cwebp, isipoambiwa, hutupa maelezo yote ya pembeni, pamoja na hilo. Matokeo yake nguzo ya kaburi inalala chali kama imeanguka jana. Kwa hiyo tangulia na `mogrify -auto-orient` ya ImageMagick, programu ya kurekebisha picha, juu ya nakala (si picha asilia, maana mogrify huandika juu ya faili lile lile), ndipo ubane.

Kule kutupa maelezo kuna faida yake pia. Ndani yake mna namba za GPS za mahali pale picha ilipopigwa. Kwa Tongoni hakuna siri, lakini picha ya sufuria jikoni kwako hutangaza nyumba ilipo kwa yeyote anayejua kusoma faili.

Majina ya faili: herufi ndogo, bila nafasi, bila alama. Linux huona `Tongoni.JPG` na `tongoni.jpg` kuwa vitu viwili, wakati Windows huona kimoja. Ndiyo maana picha iliyokuwa ikionekana kwenye laptopu hupotea ikifika kwenye seva. Kwa Kiswahili kuna jambo la ziada, ile alama ya ng'. Programu nyingi za kuandikia huigeuza kuwa iliyopinda, wakati simu nyingi huandika iliyonyooka. Mtu akitafuta "ng'ambo" kwa iliyonyooka, na wewe umeandika kwa iliyopinda, kisanduku cha kutafutia chaweza kumjibu hakuna kitu. Chagua moja, kisha agiza ubadilishaji kwenye faili zote. Mimi nimechagua iliyonyooka.

Kwenye ukurasa wenyewe, kila picha ipewe `width` na `height`, la sivyo maandishi yataruka kila picha inapowasili na msomaji atapoteza mstari. `loading="lazy"` (picha isishuke mpaka msomaji aikaribie) kwa zote isipokuwa ya juu kabisa. `alt`, maelezo ya picha, iandikwe sentensi ya kweli, kwa ajili ya asiyeona na kwa aliyezima picha. Na juu kabisa, `lang="sw"`, ili kivinjari kisihangaike kukisia lugha ya ukurasa.

Saa 6 mchana

Kupakia ni dakika chache: `rsync -avn --delete tovuti/ seva:/var/www/tovuti/`. rsync hunakili faili kutoka laptopu hadi seva, na `--delete` hufuta kule kisichokuwepo huku. Ile `n` ni ya kujaribu bila kutenda. Soma orodha inayotoka, hasa mistari inayoanza na neno la kufuta (deleting), ndipo uiondoe na kurudia. Angalia mkwaju (/) wa mwisho wa `tovuti/`. Ukiusahau, rsync inapeleka folda yenyewe badala ya vilivyomo, na `--delete` haigusi vya zamani. Wasomaji wanaendelea kuona kurasa za zamani, na kando yake kuna folda moja yenye kila kitu kipya.

Saa 8 mchana

Ngamiani, kwa fundi simu. Sababu ya kuja huku si kutengeneza simu bali kuzipima kurasa kwenye simu zake: vioo vidogo, RAM ya giga moja, mtandao wa 3G. Laptopu yangu huidanganya nafsi yangu. Inafungua chochote.

"Kaka, huu wako umefunguka kabla sijaiweka chini," anasema fundi. Simu nyingine kwenye meza inakataa, inadai cheti si salama. Tunatazama tarehe: 2015. Betri ilitolewa, saa ikarudi nyuma, na cheti (kitambulisho cha tovuti) cha Let's Encrypt, shirika linalovitoa bure, kinachodumu siku 90, machoni pa simu hiyo bado hakijazaliwa. Rekebisha tarehe, ukurasa unafunguka. Msomaji akilalamikia "tovuti si salama" peke yake, hilo ndilo swali langu la kwanza. Wakilalamika wengi, basi ni langu: cheti hakikujirefusha, na mara nyingi ni kwa sababu mlango wa 80 umefungwa au DNS (orodha inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva) bado ina rekodi ya IPv6, anwani ya aina mpya, inayoelekea seva ya zamani. `certbot renew --dry-run`, jaribio la programu inayokirefusha cheti, husema wazi kasoro iko wapi.

Pembeni dada anatuma pesa kwa kitochi. Namba, jibu, namba, nywila, tayari. Hakuna picha hata moja, hakuna bando, na menyu ikichelewa kujibiwa inajifunga. Luku (umeme wa kulipia kabla) hali kadhalika, tarakimu 20 za kubonyeza kwenye mita na nyumba inawaka. Huduma tunazozitegemea kuliko zote katika nchi hii ni maandishi matupu, na sijasikia mtu akizilalamikia kwamba hazipendezi. Waunda tovuti tungekaa kidogo kwenye benchi hili.

Saa 10 alasiri

Kijana wa duka la vitenge anataka tovuti. "Lakini bro, kwani ukurasa wa Facebook hautoshi?" Unatosha kuuzia. Ila ni chumba cha kupanga, mwenye nyumba akibadili kufuli huna pa kulalamika. Jina lako la .co.tz unaweza kulihamisha na mizigo yako yote, ukielekeza DNS kwenye seva nyingine.

Namwambia mambo matatu. Jina lisajiliwe kwa jina lake mwenyewe, si la fundi aliyemtengenezea, maana kwa msajili aliyeandikwa ndiye mwenyewe. Barua pepe ya usajili isiwe ya jina hilo hilo. Likiisha muda, barua pepe nayo inakufa, na taarifa ya kulipia haimfikii. Na siku ya kuhama seva, TTL (sekunde ambazo anwani inakumbukwa) ishushwe kutoka 86400 hadi 300 siku moja kabla, ili simu za watu zisiendelee kushika anwani ya zamani kutwa nzima.

Fomu ya kukusanya majina na namba za wateja namshauri aiache. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, anayekusanya ana wajibu wa kuzilinda. Namba ya simu ya duka inatosha. Anayewazia tovuti ya habari, huyo aanze na kanuni za maudhui mtandaoni na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Saa 12 jioni

Nakala. Moja kwenye laptopu, moja kwenye diski ya nje, moja mbali na nyumba. `tar czf` kuzifunga faili zote pamoja, kisha `tar tzf` kuhakikisha inasomeka. Nakala isiyowahi kufunguliwa siihesabu kuwa nakala.

Saa 3 usiku

Ukurasa unaosomwa kuliko yote kwangu ni jedwali la maji kujaa na kupwa. Siku saba, mistari 28 hivi, chini ya kilobaiti 3. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, bamvua likija mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Namba zinatoka kwenye jedwali lililochapishwa la mwaka, nimeziingiza mara moja kwa UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya Tanga kwa saa tatu), na programu fupi huchapa ukurasa kila usiku.

Ugumu wote uko kwenye saa. Kupata saa yetu kutoka UTC, jumlisha 9 (tatu za kuifikia Tanga, sita za kuhesabu kwa Kiswahili), gawa kwa 12, chukua baki. Baki likiwa sifuri andika 12. Kwa hiyo 15:30 ya UTC ni saa 12:30 jioni. Kisha siku: maji ya saa 8 usiku, kompyuta inayahesabu Alhamisi, lakini mvuvi wa Deep Sea, hapa Tanga, anayejiandaa Jumatano jioni huuita usiku huo wa leo. Nikiandika "Alhamisi, saa 8 usiku" wako watakaotoka usiku unaofuata. Programu inachapa "usiku wa kuamkia Alhamisi" kwa kila kilicho kati ya saa 6 usiku na saa 10, na kuanzia hapo alfajiri.

Mstari wa crontab, ratiba ya kazi za seva, ni `5 21 * * *`, yaani 21:05 ya UTC, dakika tano baada ya saa 6 usiku Tanga. Seva iko Ulaya lakini saa yake nimeiweka UTC kwa makusudi. Ingefuata saa za huko, ambazo husogezwa mbele Machi na kurudishwa Oktoba, mstari uliopangwa wakati wa baridi ungefanya kazi saa 5 na dakika 5 usiku kwetu miezi yote ya kiangazi chao. Siku ingekuwa haijageuka bado, na ukurasa ungechapa jedwali linaloanzia siku inayokwisha.