Fundo Langu la Kwanza Nililifunga Ndani ya Boksi la Nguo

Katika mwaka wangu wa pili wa kusomea ubingwa wa magonjwa ya wanawake, daktari mmoja aliyenitangulia aliniambia nisijisumbue na mazoezi ya nyumbani ya upasuaji wa matundu madogo, yaani ule wa kuingiza kamera na vifaa virefu tumboni bila kulipasua wazi, kwani mkono utazoea wenyewe mezani. Ushauri huo uliniudhi na unaniudhi hadi leo. Mama aliyelazwa kwa dawa ya usingizi, tumbo lake likiwa limejazwa hewa ya kabonidayoksaidi, si mahali pa mtu kujifunzia kushika sindano.

Ugumu wa upasuaji wa matundu madogo unatokana na ukuta wa tumbo, ambao unakuwa egemeo la vifaa: ukipeleka mkono kulia, ncha iliyo ndani inakwenda kushoto, ukiinua mkono, ncha inashuka, na wakati wote unatazama skrini bapa isiyoonyesha kina. Basi nikachukua boksi la plastiki la kuwekea nguo, koleo mbili ndefu zilizokwisha kuondolewa kazini, taa, na simu yangu ikawa kamera.

Wiki tatu za kwanza zilipotea bure. Nilikuwa narusha picha ya simu kwenye televisheni bila waya, na kila nilipoikaribia sindano ilinikwepa, nikaamini kwamba mikono yangu ni mizito. Jioni moja nilizigonganisha koleo ndani ya boksi, nikasikia mlio kabla sijaziona zikigusana kwenye skrini. Kumbe picha ilikuwa inachelewa, nami nilikuwa najifundisha kusita! Kesho yake nilikwenda Kariakoo kununua waya, na kwa jumla, ukiacha simu na televisheni, sidhani kama nilitumia zaidi ya elfu sitini au sabini.

Ujanja ninaojivunia zaidi ni wa ndala. Tundu la boksi la plastiki ninamopitisha koleo halishiki kitu, koleo hucheza humo ovyo, na mkono unazoea uhuru ambao tumboni haupo. Nilikata vipande vya soli ya ndala kuukuu, nikavitoboa kwa msumari wa moto na kuvigundisha juu ya matundu, na tangu hapo koleo ziliegemea na kukaza kama zinavyokaza kwenye ukuta wa tumbo.

Nilishona firigisi za kuku, kwa sababu ni ngumu na zinateleza. Unazungusha uzi mara mbili kwenye koleo, unakaza, kisha mara moja, halafu mara moja tena kwa upande wa pili. Mkia wa uzi uwe mfupi, la sivyo utautafuta mpaka uchoke. Hilo hakuna aliyeniambia. Fundo la kwanza lilinichukua zaidi ya nusu saa. Baada ya miezi minne nilikuwa nalimaliza kwa dakika mbili hivi.

Wapo walioliona boksi hilo kuwa jambo la kimaskini. Kurt Semm, daktari wa wanawake wa Kiel, Ujerumani, aliyeondoa kidole tumbo kwa njia hii mwaka 1980 na kushutumiwa vikali na wenzake, naye alibuni kifaa cha kufanyia mazoezi nje ya mwili wa mgonjwa.

Baadaye nilipata siku chache za mafunzo ya upasuaji wa roboti nchini India, ambapo daktari huketi kwenye mashine na kuviongoza vifaa kutoka hapo. Pale mkono ukienda kulia ncha nayo inakwenda kulia, inapinda kama kifundo cha mkono, na picha ina kina. Lakini mashine niliyoitumia haikurudisha hisia yoyote ya mguso, kwa hiyo uzi hukatika bila mkono kujua. Uzi wangu haukukatika, kwa maana firigisi zilikuwa zimenifundisha kutazama nyama inavyobonyea chini ya uzi na kuacha kuvuta papo hapo.

Upasuaji wa kufungua tumbo nao ni lazima kuujua vyema. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi ya hatua za awali, walioondolewa kizazi pamoja na tishu za pembeni kwa matundu madogo, walibaki hai kwa uwiano mdogo kuliko waliofunguliwa tumbo.

Siku mwalimu wangu aliponikabidhi sindano nishone sehemu ya juu ya uke, baada ya yeye kukiondoa kizazi kilichojaa uvimbe, alisimama kimya mkono wake ukiwa karibu na wangu. Nilipomaliza fundo la pili aliurudisha mkono wake nyuma, akasema, "Haya daktari, endelea mpaka mwisho."

Boksi sasa linakaa katika chumba cha wanafunzi wa ubingwa, na soli za ndala zimekwisha kubadilishwa mara tatu.