Nauli ya Kwenda Karamja

Goblini wa kwanza, kijitu kibaya cha kwenye mchezo wa kompyuta, aliniua Desemba 2006, ng'ambo tu ya daraja la mji wa Lumbridge, na mpaka leo sijui alinipigaje. Nilimbonyeza, picha ikaganda. Ilipoganduka nilikuwa nimesimama uani kwenye ngome, pale wanapozindukia wote waliokufa, na vitu vyangu vingi vimebaki kule kwa muuaji. Jamaa wa kompyuta ya jirani alicheka mpaka akagonga meza. "Dogo, umekufa usingizini!"

Hapo ni Ngamiani, Tanga. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Oktoba, nasubiri matokeo, na kazi yangu rasmi ilikuwa kumsaidia dada yangu mkubwa aliyekuwa anashona barazani: kukata nyuzi, kupiga pasi, kupeleka magauni kwa wenyewe na kurudi na visingizio vyao. Jumamosi alikuwa ananipa mia tano. Kwa mia tano, pale kafe, unapata nusu saa.

Kafe yenyewe ilikuwa kompyuta sita zenye monita za chogo na feni moja iliyompulizia mwenye kafe peke yake. Tulimwita Anko. Anko alikuwa na sheria mbili ukutani: hakuna kuchomeka flashi, hakuna kupakia programu yoyote. Ndiyo maana mchezo uliotushika ulikuwa RuneScape. Haukuhitaji kupakiwa. Ulifunguka ndani ya kivinjari kama ukurasa mwingine wowote, mradi kompyuta iwe na Java, na ulikuwa bure. Kulikuwa na sehemu ya kulipia kila mwezi, tena kwa kadi ya benki, lakini hiyo tuliihesabu kama habari za Ulaya. Ulitengenezwa Uingereza na ndugu wawili, Andrew na Paul Gower, ukafunguliwa Januari 2001, wakati sisi Tanga tukicheza kombolela.

Juu ya bati la Anko kulikuwa na dishi. Baadaye sana, nilipopata kazi za kompyuta, ndipo nilipoelewa kilichoniua pale darajani. Bonyezo langu lilikuwa linapanda kilomita kama 36,000 mpaka kwenye setilaiti, linashuka upande wa pili, halafu jibu linarudi kwa njia hiyohiyo. Angani tu nusu sekunde imeshakwisha, hujahesabu kompyuta sita zinazogombea dishi moja. Na dunia ile inakwenda kwa mapigo, kila pigo sehemu 6 za kumi za sekunde. Goblini alikuwa anapigana na picha yangu ya zamani. Mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, nami wakati huo nilishaacha mchezo.

Kibaya zaidi ni umeme. Mwaka ule wa 2006 ulikuwa wa mgao, mabwawa yamekauka, na ukikatika hauombi ruhusa. Ukikatika umesimama zako tu njiani, mtu wako anatoweka baada ya muda mfupi na utamkuta ulipomwacha. Ukikatika katikati ya mapigano, anabaki pale kwa muda kama gunia, anapigwa.

Basi nikaamua sipigani. Watu wanapenda kudhani ulikuwa upole, au dini. Ulikuwa ubahili. Mia tano ya dada isingeishia kwenye rungu la goblini. Mpaka hapo mkononi mwangu walikuwa wamekufa panya wawili tu, kwenye kile kisiwa cha mafunzo cha mwanzoni, na hao nililazimishwa, maana usipowaua mwalimu hakuruhusu kuendelea. Levo yangu ya mapigano, yaani kiwango cha nguvu zangu, ikabaki 3, ile ya kuzaliwa nayo.

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo bado naliona ni la kionevu. Katika mchezo ule, adui hamgusi mtu mwenye levo iliyozidi mara mbili ya levo yake. Jirani yangu, mwenye levo arobaini na kitu, alikuwa anakatiza katikati ya goblini kama diwani sokoni, hakuna anayemtazama. Mimi wa levo 3, nisiye na ugomvi na mtu, nilikuwa nakimbizwa na kila mhuni.

Nikageuka mkata manyoya. Kaskazini ya ngome kuna mkulima anaitwa Fred anayetaka madonge 20 ya sufi iliyosokotwa. Unachukua mkasi, unamwendea kondoo, unamkata. Wakati mwingine anakuponyoka na maandishi yanakuambia hivyo kabisa, kwamba kondoo amekukimbia. Ukishapata manyoya unapanda ghorofani kwenye ngome, kuna gurudumu la kusokotea, unakaa hapo donge baada ya donge. Jumamosi tatu ziliishia hapo. Jirani aliniuliza, "Hivi wewe umekuja kucheza au umeajiriwa?" Sikumjibu. Nyumbani nimetoka kukata nyuzi, huku nasokota nyingine, na kusema kweli nilikuwa nafurahi. Fred akanilipa sarafu 60.

Hizo zilikuwa nauli yangu ya kwenda Karamja. Kwa nini Karamja? Kwa sababu ni kisiwa. Nimezaliwa hatua chache kutoka bandarini, nimeona meli tangu sijui kusoma, na sikuwahi kupanda hata moja. Hata Pemba sikuwahi kufika. Nauli ya kutoka bandari ya Port Sarim kwenda Karamja ni sarafu 30. Sitini ni kwenda na kurudi. Hesabu hiyo niliifanya nikiwa napiga pasi.

Siku yenyewe ilikuwa mwanzoni mwa 2007. Zilivuma habari kwamba matokeo yametoka. Dada aliacha cherehani, akafungua kibeti, akanipa buku zima. "Nenda kaangalie. Uangalie vizuri, usije na majibu ya nusunusu. Na usicheze."

"Sichezi, dada."

Nilifungua tovuti ya matokeo kwanza, Mungu ni shahidi. Ukurasa ukabaki mweupe, na kule chini kile kijistari cha bluu kikajaa kidogo, kikasimama. Dakika tano. Dakika nane. Nchi nzima ilikuwa inagonga mlango uleule. Anko akapita nyuma yangu akasema, "Uache huohuo, usiufunge ukaanza upya, utarudi mwisho wa foleni." Nikauacha. Nikafungua dirisha la pili.

Kutoka Lumbridge mpaka Port Sarim, mwenye kujua njia anafika kwa dakika chache. Mimi ilinichukua karibu nusu saa. Mfukoni nilikuwa na sarafu zangu 60 na kamba wawili wa kuchoma niliowavua kwenye kinamasi nyuma ya ngome. Ukimla kamba unarudishiwa uhai kidogo, nami uhai wangu wote ulikuwa 10. Mchezo unakupa nguvu za kukimbia kwa asilimia, zikiisha unatembea. Kwa hiyo nilitembea kote, nikaziweka mbio akiba, kama mtu anayeficha nauli kwenye soksi.

Kabla ya kijiji cha Draynor kuna jela, na walinzi wake wana levo 26 na hasira zisizo na sababu. Nikazunguka mbali kupitia ukingo wa kinamasi. Draynor nikapita benki, nikapita watu wamejipanga wakikata mierebi kando ya maji, tok tok tok, hakuna aliyeinua kichwa. Nilisimama hapo kidogo. Mmoja akaandika salamu ya Kiingereza, nami nikaandika "mambo". Hakujibu.

Baada ya Draynor ndipo kwenye wanyang'anyi. Anatokea mmoja barabarani, maandishi ya njano juu ya kichwa chake: simama, toa ulicho nacho. Levo 5 tu, mtu wa kuchekwa. Lakini mimi ni 3, nina dishi, na nina sarafu 60, na mtu akifa anabakiwa na vitu vitatu tu. Sarafu zisizozidi tatu, maana kila sarafu inahesabiwa peke yake.

Nikawasha mbio. Picha ikaganda.

Nilichofanya katika zile sekunde nakumbuka kuliko nilivyokumbuka mtihani wa Jiografia: niliondoa mkono kwenye mausi. Jumamosi nyingi zilinifundisha kwamba ukibonyezabonyeza picha ikiwa imeganda, mabonyezo yote yanafika kwa mkupuo na mtu wako anarudi alikotoka. Jirani alikuwa amesogeza kiti kabisa. "Mpige! Huyo unammudu, mpige!" Picha ikarudi. Uhai 6. Yule mnyang'anyi alikuwa upande wa pili wa mti, ananifuata kwa kusukuma mti. Viumbe wa mchezo ule hawana akili ya kuzunguka kitu. Wanataka kuja moja kwa moja, na kukiwa na mti au uzio katikati wanabaki hapohapo wakikutazama. Nikala kamba mmoja. Nikala wa pili. Kisha nikaondoka nikihakikisha mti unabaki kati yetu, mpaka akakata tamaa akarudi kwenye kazi yake.

"Hata kumpiga kofi?" Jirani aliniuliza, kwa uchungu kama ni ndugu yake amedhulumiwa.

Nikatazama dirisha la kwanza. Jeupe.

Port Sarim ndipo nilipofanya ujinga. Kuna duka la vifaa vya uvuvi, na humo wanauza dema la kukamatia kambakoche, sarafu 20. Mtoto wa Tanga akiona dema, anaona mali. Nikapiga hesabu ya haraka: nalinunua, najilipia nauli 30, nabaki na 10, na kule kisiwani nitavua nirudi tajiri. Nikalipa. Gatini mabaharia wamevaa bluu, ukimsemesha mmoja anakuuliza kama unataka kwenda Karamja kwa sarafu 30. Nikasema ndiyo. Kioo kikawa cheusi kidogo, na nilipofumbuliwa nilikuwa kwenye sitaha ya meli, ubao wa kushukia mbele yangu.

Kisiwa kilikuwa na michikichi, mchanga, na watu wamejaa ukingoni wakivua kambakoche. Nikatoa dema langu. Maandishi yakaja: unahitaji levo 40 ya uvuvi. Yangu ilikuwa haijafika hata kumi.

Jirani alilaza kichwa kwenye kibodi yake. Alipoinuka alinionyesha mlima wa volkano, akaniambia chini yake kuna mashetani wanaodondosha vitu vya thamani, niingie nijaribu bahati. Nikamwambia asante, kaka.

Nyuma ya gati kuna shamba la migomba. Limezungushiwa uzio, na ndani kuna bwana anaitwa Luthas. Unamwambia unatafuta kazi, anakuambia ujaze sanduku la nje kwa ndizi kumi. Nikaingia. Migomba imepandwa kwa mistari, na ukiubonyeza mmoja mtu wako ananyoosha mkono, anachuma. Moja. Mbili. Kwenye mstari wa tatu hakukuwa na mtu yeyote zaidi yangu, na muziki wa kile kisiwa, ngoma ngoma, ulikuwa unatoka kwenye spika ya Anko iliyopasuka. Siku hizi ramani za mchezo zinapaita mahali pale Musa Point. Nilipoliona jina hilo miaka mingi baadaye nilicheka peke yangu ofisini, maana barabara yetu Ngamiani ilikuwa na akina Musa wasiopungua watano, na mmoja aliuza ndizi.

Nilifikisha ndizi ya kumi, nikazipanga kwenye sanduku, nikarudi kwa Luthas. Akanipa sarafu 30. Ndipo nikakumbuka dirisha la kwanza. Lilikuwa limefunguka, sijui tangu saa ngapi. Tangazo fupi katikati: matokeo bado hayajatangazwa. Nilikuwa nalisoma kwa mara ya pili umeme ulipokatika, na kafe nzima ikasema "Aaah!" kwa sauti moja, isipokuwa mimi. Mtu wangu alikuwa shambani, hajagombana na yeyote.

Dada alinikuta mlangoni na pini mdomoni. "Enhe?"

"Bado hayajatoka."

"Saa nzima?" Akazitoa pini moja moja akazichomeka kwenye kitambaa. "Saa nzima umeangalia neno bado?"

Sikuwahi kuweza kumdanganya yule mwanamke. Nikamweleza yote: kondoo, madonge, mti, dema, ndizi. Nilitegemea anizabe. Alisikiliza akiwa ameegemea cherehani, na alinikatiza mara moja tu, kwenye dema, akasema "pumbavu" kwa upole.

"Ngoja," akasema mwisho. "Nauli kiasi gani?"

"Thelathini."

"Na ndizi kumi unalipwa kiasi gani?"

"Thelathini."

"Na kutoka kisiwani ni meli hiyohiyo."

"Ndiyo."

Dada akarudi kwenye kiti, akaingiza uzi kwenye sindano, akakanyaga pedali mara moja kujaribu.

"Basi mwenye shamba na mwenye meli ni ndugu," akasema. "Lete lile gauni la kijani, na kesho utaenda tena kuangalia matokeo. Nitakuja na wewe."